Anga la Meru Lapimwa kwa Penseli

Kijana wa Maua, wa Nkubu, wa Runyenjes, chukua penseli. Lile somo la latitudo na longitudo la Kidato cha Nne, ambalo wengi huomba lisitoke kwenye mtihani, ni somo la kwenu. Ikweta inakata barabara kati ya Nkubu na mji wa Meru, na matatu zinaivuka mchana kutwa. Mwanafunzi wa Ulaya lazima apunguze longitudo kwa kosaini. Hapa kwetu kila dakika ya nyuzi, ya latitudo au ya longitudo, ni maili moja ya baharini, yaani kilomita 1.852. Pythagoras anakutosha!

Anza nyumbani. Embu iko 0°32' kusini, 37°27' mashariki. Meru 0°03' kaskazini, 37°39' mashariki. Tofauti ni dakika 35 na 12. Zidisha kila moja kwa yenyewe, jumlisha, tafuta kipeuo cha pili: maili 37, kama kilomita 68.5. Barabara, inayoshuka Thuci, Nithi na Mutonga na kupanda tena, inazidi kilomita 100.

Sasa shika jambo linalolisha nyumba nyingi za Igembe. Miraa ikishachumwa ina siku mbili hivi kabla haijapoteza thamani, hata ukiifunga vizuri kwa majani ya mgomba. Uwanja wa ndege wa Isiolo, mpakani na Meru, uko 0°20' kaskazini, 37°35' mashariki. Mogadishu, inakopelekwa miraa hiyo, ni 2°01' kaskazini, 45°18' mashariki. Dakika 101 na 463 zinakupa maili 474. Kutoka uwanja wa Wilson, Nairobi, ni 547. Ndege ya maili 250 kwa saa itatumia saa moja na dakika 54 kutoka Isiolo, na saa mbili na dakika 11 kutoka Wilson. Ongeza kama robo saa ya kuondoka uwanjani na kupaa. Saa za Mogadishu ni zetu, hakuna cha kurekebisha.

Umeona? Angani unaokoa dakika 17 tu. Faida yenyewe iko chini, kwa ile pikapu inayokimbia usiku kucha hadi Nairobi kuwahi ndege. Na kizuizi nacho kiko chini: njia ya kurukia ya Isiolo, uwanja uliofunguliwa 2017, ilijengwa kwa kilomita 1.4, fupi mno kwa ndege kubwa za mizigo. Mwenye hesabu hii akisimama barazani hasemi tu kwamba tumesahaulika. Anauliza njia itarefushwa kwa mita ngapi na lini, na anayejibu analazimika kujibu kwa tarakimu.

Jioni hii chora mstari kutoka Wilson, 1°19' kusini, 36°49' mashariki, hadi Isiolo. Utapita maili chache tu kutoka kilele cha Batian cha Mlima Kenya, mita 5,199. Amua rubani azunguke mlima upande gani, kisha uzihesabu maili alizoongeza.