Ukimya wa Anayeuza Pawatila

Kijana wa Ubaruku aliyechoka kukodi na anayetaka pawatila yake mwenyewe ni nadra aanze na mpya. Hununua iliyokwisha kumlimia mtu mwingine. Baada ya mpango wa serikali ya Tanzania wa Kilimo Kwanza kutangazwa mwaka 2009, matrekta hayo ya mkono yalienea katika mashamba ya mpunga ya bonde la Usangu, na leo si ajabu kuikuta moja iliyopita mikono mitatu. Mnunuzi huyo huhangaika na swali la kiufundi: ipi bado nzima? Nyuma yake kuna swali la dhamiri linalomhusu aliyesimama mbele yake. Anayeuza anawajibika kusema nini pasipo kuulizwa? Jibu langu ni kwamba anawajibika kusema kila ubovu uliofichika anaoujua, na wajibu huo huwa mzito zaidi pale mnunuzi anapokuwa mgeni wa mashine.

Tazama jinsi mashine yenyewe inavyoharibika. Pawatila ya mpunga hufanya kazi ndani ya matope na maji. Sili zikichakaa, maji huingia kwenye gia, oili hugeuka rangi ya maziwa, na beringi huanza kuliwa. Kwa nje huoni kitu. Injini ya dizeli iliyochoka ringi hutoa moshi wa bluu na kunywa oili, lakini ikijazwa oili nzito kuliko inayotakiwa, moshi na mlio hupungua kwa muda. Isiyotaka kuwaka ikiwa baridi huwashwa mapema, ili mgeni akifika aikute ina moto na iitike mara moja. Rangi mpya hufunika mahali palipochomelewa. Mkulima mzoefu atafungua bolti aione oili ya gia, na ataomba injini ipoe kabla ya kuwashwa. Anayenunua kwa mara ya kwanza hajui hata kwamba kuna la kuomba. Kuuliza si ujinga, ni kweli, lakini swali humtoka mtu aliyekwisha kujua sehemu ya jibu. Na mashine ikimfia wakati wa kuvuruga majaruba, zamu yake ya maji hupita, miche huzeeka kitaluni, na deni alilonunulia linabaki palepale.

Dini zinazofuatwa katika bonde hili zilishalishughulikia jambo hili kwa mifano iliyo karibu mno na soko la mpunga. Hadithi aliyoipokea Muslim inaeleza jinsi Mtume Muhammad alivyoingiza mkono katika lundo la nafaka sokoni, vidole vikakuta unyevu ndani. Mwenye mali akajitetea kwamba ni mvua. Mtume akamuuliza kwa nini hakuiweka juu ile iliyoloa ili watu waione, kisha akamtenga anayedanganya na umma wake. Muuzaji yule hakuwa ametamka uongo wowote. Lundo ndilo lililosema kwa niaba yake. Hadithi nyingine inamhusu mnyama aliyeachwa siku kadhaa bila kukamuliwa ili kiwele kijae machoni pa mnunuzi: aliyenunua akigundua ana hiari ya kumrudisha. Oili nzito ndani ya injini iliyochoka ni kitendo kilekile. Kwa upande wa Wakristo, Thomas Aquinas katika karne ya 13 alifundisha kwamba ubovu uliofichika, unaoweza kumletea mnunuzi hasara au hatari, lazima uelezwe. Ule ulio wazi, kama farasi mwenye jicho moja, alimruhusu muuzaji asiutangaze, mradi bei ishuke kadiri ya ubovu huo.

Pingamizi kongwe kabisa limehifadhiwa na Cicero, mwanafalsafa wa Roma, katika kitabu chake cha mwaka 44 KK kuhusu wajibu. Diogenes wa Babeli alidai kwamba kunyamaza si kuficha: muuzaji ataje yale ambayo sheria inamtaka ataje, mengine ni juu ya mnunuzi. Mwanafunzi wake Antipater alikataa, na Cicero akaegemea kwa Antipater. Mimi pia naegemea huko, kwa sababu mtu anayeweka mashine sokoni kwa bei ya mashine nzima ameshatoa taarifa kuihusu. Ukimya wake ndio unaoifanya taarifa hiyo iaminike.

Wapo watakaosema bei ya mtumba inatosha kuwa onyo. Mwaka 1970 mchumi wa Marekani George Akerlof alionyesha kwamba wanunuzi wasipoweza kutofautisha gari zima na bovu hutoa bei ya katikati. Wenye mazima wakaona hailipi, wakajitoa, na soko likaachiwa mabovu. Kwa hiyo ukimya humwibia hata jirani mwenye pawatila nzuri. Pingamizi linalonigusa zaidi ni la mtu ambaye naye aliuziwa bovu, na akisema kweli hatapata hata nusu ya fedha yake. Namwonea huruma. Lakini hasara yake imeshatokea, na ukimya hauiondoi. Unaihamisha kwa mwingine, mara nyingi mwenye uwezo mdogo kuliko yeye.

Wala haya si matakwa ya malaika. Kuna nchi za Ulaya ambako watu hununua kwa mara ya kwanza ndege kuukuu isiyo na injini, ya kiti kimoja, mathalani Ka 8 ya Kijerumani iliyoruka mara ya kwanza mwaka 1957. Bawa lake ni la mbao na gundi, vitu ambavyo jicho haliwezi kuvikagua hadi ndani, kwa hiyo ndege huuzwa pamoja na kitabu chake: saa ilizoruka, ajali ilizopata, matengenezo na aliyeyafanya. Pawatila haihitaji zaidi ya daftari la shuleni. Wewe unayemiliki moja leo, anza kuandika: tarehe ya kubadili oili, siku injini ilipofunguliwa, spea iliyowekwa na fundi aliyeiweka. Siku ya kuuza, mkabidhi mnunuzi daftari kabla hajahesabu fedha, na umwachie aiwashe injini ikiwa baridi.