Nyumba, Kiwanja na Mti Uliotangulia

Kujenga nyumba ni tendo la utamaduni, wala si kazi ya mikono tu. Mtu anapopima msingi huonyesha jinsi anavyojiona mbele ya ardhi, mbele ya jirani na mbele ya wale watakaokuja baadaye. Yafaa basi tujiulize: mtu aliyepata kiwanja kilichopinda, chenye mwembe mkubwa ndani yake, aukate mti ili ramani isimame kama alivyoichora, au aichore ramani upya?

Wapo wasemao kwamba swali hili halina uzito. Kiwanja ni chake, hati anayo, na binadamu ni bora kuliko mti. Hoja hiyo isidharauliwe. Mizizi huweza kupasua msingi, na tawi lililooza huweza kuangukia paa usiku watoto wamelala. Mti uliooza shina na ukate; huruma isiyojali uhai wa watu si utu.

Lakini neno “changu” lahitaji kuchunguzwa. Sheria ya Ardhi ya Tanzania Bara ya mwaka 1999 yasema kwamba ardhi ni ya umma, chini ya Rais akiwa mdhamini kwa niaba ya wananchi. Mwenye hati hupewa haki ya kuitumia kwa muda usiozidi miaka 99. Mwembe nao huweza kuishi zaidi ya miaka 100. Basi mwenye kiwanja amesimama kati ya waliomtangulia na watakaomfuata. Fedha zaweza kununua saruji leo na mabati kesho, lakini haziwezi kununua kwa siku moja kivuli cha miaka 40. Wahenga walisema hata mbuyu ulianza kama mchicha. Na aliyeuvumilia mchicha huo huenda hakukiona kivuli chake.

Moyo wa kukubali mpaka si mgeni kwetu. Tuzitazame nyumba za mawe za Unguja na Lamu. Mafundi walijenga dari kwa boriti za mikoko, na boriti hizo hazikuruhusu chumba kuwa na upana wa zaidi ya mita 3 hivi. Hawakuulaumu mkoko. Walikirefusha chumba waliposhindwa kukipanua, wakatengeneza zidaka ukutani, wakaacha ua wa ndani ulete hewa na mwanga. Hivyo kadiri ya boriti ikawa umbo la nyumba, na umbo hilo likawa fahari: Mji Mkongwe wa Zanzibar uliingizwa katika orodha ya Urithi wa Dunia ya UNESCO mwaka 2000, na mji wa kale wa Lamu mwaka 2001.

Fundi wa leo aweza kufanya vivyo hivyo. Nyumba ya Kiswahili ina ukumbi katikati, vyumba pande mbili, na ua nyuma. Kiwanja kikiwa cha pembe tatu, ua waweza kuchukua ile pembe kali isiyofaa chumba. Mwembe ukabaki humo, na msingi ukawekwa mbali na shina. Huenda chumba kimoja kikapungua. Hiyo ni gharama ya kweli, wala tusiifiche. Lakini familia hupata mahali pa kupikia, kusukia ukili na kuzungumza saa za jua kali, wakati chumba cha bati hakikaliki.

Taifa nalo lilirithi kiwanja ambacho halikukichagua: mipaka iliyochorwa na wageni, pamoja na mila zilizoota kabla ya mipaka hiyo. Zipo mila zilizooza, nazo zikatwe. Zipo nyingine ambazo kosa lake ni kusimama mahali tulipotaka kupitisha ukuta. Kijana ajifunzaye kutofautisha mti uliooza na mti unaomsumbua tu, amejifunza jambo litakalomfaa hata kama maishani mwake hatashika mwiko wa mwashi.