Mzazi na Shule ya Kulipia

Miongoni mwa maswali wanayoulizana wazazi siku hizi, mijini na hata vijijini, moja ni hili: Je, mzazi mwenye uwezo afanya haki amtoapo mtoto wake katika shule ya Serikali, ambayo ni ya watoto wote, na kumpeleka katika shule ya binafsi kwa malipo? Wengine hujibu upesi kwamba mali ni yake na mtoto ni wake, basi hapana la kuuliza. Wengine humlaumu na kumwita mwenye kiburi. Majibu yote mawili yametolewa kwa haraka, wala hayamsaidii mtu atakaye kuijua haki ili aitende.

Kabla ya kuhukumu yafaa tukumbuke jinsi shule ya wote ilivyopatikana. Wakati wa utawala wa Waingereza katika Tanganyika shule zilitengwa kwa rangi: za Wazungu mbali, za Waasia mbali, za Waafrika mbali, na nyingi za Waafrika zilikuwa mikononi mwa misheni. Mzazi Mwislamu aliyetaka mwanawe ajue kusoma na kuandika mara nyingi ilimpasa kumkabidhi kwa watu wa dini nyingine, huku moyo wake una hofu. Utengano wa rangi mashuleni uliondolewa mwaka 1962. Kisha kwa Sheria ya Elimu ya mwaka 1969 Serikali ikazitwaa shule nyingi za mashirika ili mlango uwe mmoja, na Azimio la Musoma la mwaka 1974 likaamuru kwamba kufikia mwaka 1977 kila mtoto wa umri wa shule awe amepata nafasi. Basi shule ile yenye madawati mabovu, ambayo leo twaipita kwa dharau, si kitu kidogo. Ilikuwa jawabu la dhuluma.

Mbona basi wazazi wanaikimbia? Wale wasemao kwamba ni kiburi tu cha matajiri hawajatazama vizuri. Nchini Kenya karo ya shule za msingi iliondolewa Januari 2003, na watoto wakafurika madarasani. Hata hivyo, katika mitaa ya mabanda kama Kibera na Mathare, ambako hapana matajiri, zimekuwako shule ndogo za binafsi zilizojengwa kwa mabati, na wazazi wachuuzi na vibarua wakatoa fedha yao ya jasho kulipia kitu ambacho kwingine kilitolewa bure. Mtu maskini hatupi fedha yake kwa ajili ya kujionyesha. Anaona jambo fulani: pengine kwamba shule ya Serikali iko mbali, pengine kwamba mwalimu wa shule ile ndogo, akikosa kuja kazini, ataulizwa siku ile ile. Na Tanzania, ada ya shule za msingi ilipofutwa mwaka 2001, wanafunzi waliongezeka kutoka karibu milioni 5 hadi karibu milioni 8 mnamo mwaka 2006. Hilo lilikuwa jema kubwa. Lakini mwalimu mwenye watoto tisini mbele yake hawezi kuyajua majina yao, sembuse udhaifu wa kila mmoja.

Liko pia jambo la lugha, na hapa twaomba msomaji atulie kidogo, kwani ndipo penye kiini cha habari hii kwa Tanzania. Tangu mwaka 1967 Kiswahili ndiyo lugha ya kufundishia katika shule za msingi za Serikali, na huo ulikuwa uamuzi wa hekima. Mtoto huelewa kwa lugha aijuayo. Lakini mtoto huyo huyo aingiapo kidato cha kwanza, ghafula hisabati, biolojia na jiografia zote hugeuka Kiingereza. Tume ya Rais ya Elimu, iliyoongozwa na Jackson Makweta, ilipendekeza mwaka 1982 kwamba Kiswahili kianze kutumika katika sekondari kuanzia mwaka 1985, Serikali haikukubali. Basi mlango wa sekondari umebaki na kufuli ya lugha moja, na shule ya msingi yafundisha kwa lugha nyingine. Mzazi anayelipa ada ili mwanawe azoee Kiingereza tangu darasa la kwanza hakuitengeneza kufuli hiyo. Yeye ananunua ufunguo. Ukitaka kumlaumu, mlaumu kwanza aliyeliweka kufuli mlangoni.

Lakini mnunuzi naye ana wajibu wa kupima anachouziwa. Shule nyingi hujisifia matokeo ya mitihani. Baraza la Mitihani la Tanzania liliacha mwaka 2023 kutangaza orodha ya shule bora, na kwa maoni yetu lilifanya vyema. Kwani shule inayowajaribu watoto kabla ya kuwapokea, na kuwaondoa walio dhaifu kabla ya mtihani, ni mfano wa mganga apokeaye wazima tu, kisha akajisifu kwamba kwake hafi mtu. Muulize mwalimu mkuu alipokea watoto wangapi darasa la kwanza, na wangapi kati yao walifika darasa la mwisho. Jawabu lake litakufundisha kuliko mabango yote ya barabarani.

Pengine msomaji atasema: Nikimtoa mwanangu sijamdhuru mtu, kinyume chake, nimemwachia mtoto wa jirani dawati. Hoja hii ina nguvu, lakini imesahau jambo moja. Mchumi Albert Hirschman, katika kitabu alichotoa mwaka 1970, aliizungumzia reli ya Nigeria. Wateja walipoudhika na reli walihamia kwenye malori, na reli haikutengenea, kwa sababu walioondoka ndio hasa ambao wangalipiga kelele mpaka wakubwa wakasikia. Na hasara ilifidiwa na hazina ya Serikali. Akaonyesha kwamba shule za umma zaweza kupatwa na jambo lilo hilo. Dawati limebaki, ni kweli. Lakini ameondoka mzazi ajuaye kuandika barua kwa Afisa Elimu, ajuaye kusoma hesabu za kamati ya shule, asiyeogopa kuuliza.

Je, yampasa basi kumbakisha mtoto ili ageuzwe fimbo ya kuisukuma Serikali? La hasha! Mtoto si kafara. Utoto wake hauna marudio, na mzazi ataulizwa habari zake kabla ya kuulizwa habari za mtaa. Hata mwanafalsafa Mwingereza Adam Swift, ambaye katika kitabu chake cha mwaka 2003 alitaka shule za binafsi zisiwepo kabisa, alikubali kwamba kama shule iliyopo haimfai mtoto, mzazi aweza kumpeleka kwingine bila ya kuwa mnafiki. Nasi twakubali. Lakini ruhusa ya kumtoa mtoto haimtoi mzazi. Mtoto aweza kwenda shule nyingine, na baba yake akaendelea kuhudhuria mkutano wa mtaa unapozungumzia choo cha shule iliyo jirani. Wanahistoria wamepokea habari kwamba baada ya vita vya Badr, mwaka 624, wafungwa wa Makka waliojua kuandika na wasiokuwa na mali ya kujikomboa waliachwa huru kwa sharti la kufundisha watoto wa Madina, kila mfungwa watoto kumi. Fidia ile ingaliweza kudaiwa kwa fedha, au kungojewa. Ikafanywa kuwa elimu ya watoto wa mji.

Na nia nayo yapimika. Jiulize: Kama kesho shule ya Serikali iliyo karibu nawe ingekuwa sawa kabisa na ile unayoilipia, ungefurahi na kumrudisha mwanao, au ungetafuta nyingine iliyo ghali zaidi? Anayefurahi alikuwa akinunua elimu. Anayehuzunika alikuwa akinunua umbali kati ya mwanawe na watoto wa mpishi wake.

Wako pia wanaodhani kwamba kwa kulipa ada wamelipia na malezi. Humpeleka bweni mtoto wa miaka mitano au sita, wakamwona wakati wa likizo, kama mgeni. Machi 2023 Serikali ya Tanzania ilizuia bweni kwa watoto wa awali hadi darasa la nne, isipokuwa kwa kibali maalumu, na wapo wazazi walionung'unika. Twashangaa manung'uniko hayo. Ada humlipa mwalimu, haimlipi mama.

Limebaki swali ambalo wachache hulitaja, nalo ndilo zito kuliko yote ndani ya nyumba. Mzazi ana watoto watatu na ada ya mmoja. Yupi apelekwe? Mara nyingi huchaguliwa mvulana, au yule aliye hodari, na wengine huona kila asubuhi gari la shule likimchukua ndugu yao. Sahaba Bashir alitaka kumpa mwanawe Nu'man zawadi na kumshuhudisha Mtume Mtukufu s.a.w.; Mtume akauliza kama watoto wake wengine nao wamepewa mfano wake, na aliposikia hawakupewa, akakataa kuwa shahidi. Elimu si sawasawa na zawadi, kwani haja za watoto hutofautiana. Mtoto mwenye uziwi, kwa mfano, aweza kuhitaji shule ambayo nduguze hawaihitaji. Lakini pasipokuwa na haja ya namna hiyo, sisi twaona ni afadhali ada ile ya mmoja inunue vitabu na masomo ya jioni kwa wote watatu, hata kama majirani watasema kwamba fulani ameshindwa ada.