Sarafu Nzuri na Moyo wa Mwenye Kuikusanya

Binadamu ameumbwa na mapenzi ya vitu vizuri, wala hapana akili timamu iliyomkataza kuvipenda. Walakini mapenzi hayo yana mpaka, na mpaka wenyewe hauonekani kwa macho. Ndiyo maana watu wengi huuvuka nao hawana khabari. Katika makala haya twataka kuutafuta mpaka huo kwa mfano mmoja, nao ni ukusanyaji wa sarafu za kale za fedha za Marekani. Huenda msomaji akauliza: Yatuhusu nini sisi mambo ya Marekani? Twamjibu kwamba maradhi ya moyo hayana nchi, na mfano wa mbali mara nyingine hufunza zaidi kuliko wa karibu, kwa kuwa mtu huutazama bila ya kujitetea.

Sarafu tunayoikusudia ni nusu dola iliyopigwa baina ya mwaka 1916 na mwaka 1947. Aliyeichora ni Adolph Weinman, mchongaji aliyezaliwa Ujerumani akahamia Marekani angali mdogo. Upande mmoja mna umbo la mwanamke aliyefanywa mfano wa Uhuru: amejitanda bendera, amechukua matawi mkononi, naye yuwaenda kulielekea jua linalochomoza. Upande wa pili yupo tai juu ya jabali, na mbele yake mche wa msonobari uliomea mwambani. Uzito wake ni gramu 12.5, na katika kila sehemu 10, sehemu 9 ni fedha na 1 ni shaba. Wajuzi wengi wa fani hii huihesabu kuwa miongoni mwa sarafu nzuri kabisa za nchi hiyo; na mwaka 1986 serikali ya Marekani iliirudisha sura hiyo ya mwanamke juu ya sarafu yake mpya ya wakia moja ya fedha.

Sarafu hizi zilipigwa katika miji mitatu: Philadelphia, Denver na San Francisco. Za Denver zina herufi D, za San Francisco zina herufi S, na za Philadelphia hazina alama. Kwa hisabu ya wenye kukusanya, jumla yake ni sarafu 65. Mwenye kutaka kuikamilisha silsila hii sharti azipate zote 65, na hapo ndipo mashaka yaanzapo. Nyingi katika hizo hupatikana kwa bei isiyopita sana thamani ya fedha iliyomo. Lakini chache zina bei ya kushangaza, na moja au mbili, zikiwa safi kama zilivyotoka kiwandani, huuzwa kwa makumi ya maelfu ya dola.

Sasa na tuulize swali letu la kwanza. Anayetoa mali hiyo yote anunua nini? Yeye atajibu kwamba anunua uzuri. Lakini tuitazame hoja yake. Mwaka 1943 mji wa Philadelphia peke yake ulipiga zaidi ya milioni 53 za nusu dola hizi. Mwaka 1921 mji wa Denver ulipiga 208,000 tu. Mwanamke ni yule yule, jua ni lile lile, tai ni yule yule, fedha ni ile ile, uzito ni ule ule. Kama uzuri ndio uliokuwa ukiuzwa, bei zao zingekuwa sawa. Kilichozidi katika bei ya ile ya pili ni uchache, na uchache si sifa ya kitu chenyewe. Ni khabari ya watu wengine: kwamba wao hawanacho. Basi mwenye kulipia uchache hulipia, apende asipende, kule kukosa kwa wenziwe. Huu ndio mzizi wa fakhari, nao umejificha chini ya jina zuri la kupenda sanaa.

Tena tutazame huo uchache ulitoka wapi. Baada ya Vita Kuu ya Kwanza biashara ya Marekani ilianguka, na katika mwaka 1921 haja ya nusu dola ilikuwa ndogo. Wakati huo huo viwanda vilikuwa vimeshughulika kupiga dola nzima za fedha, kwani kwa sheria ya mwaka 1918 dola zaidi ya milioni 270 ziliyeyushwa, na sehemu kubwa ya fedha yake iliuzwa kwa Waingereza kwa ajili ya sarafu za Bara Hindi, nchi ya rupia ambayo hata pwani yetu iliitumia mpaka mwanzo wa miaka ya 1920. Dola zilizoyeyushwa ilibidi zipigwe nyingine badala yake. Kwa hivyo uchache wa nusu dola za mwaka ule haukutokana na ufundi wala na hikima. Ni alama ya mwaka mbaya, mwaka ambao watu walikosa kazi. Leo alama hiyo ya dhiki ya watu imekuwa ndiyo pambo la matajiri.

Lipo na jambo la ajabu zaidi. Katika mwaka huo huo 1921, San Francisco ilipiga 548,000, yaani zaidi ya jumla ya zile za miji miwili mingine. Hata hivyo sarafu ya San Francisco ndiyo ngumu kuliko zote kupatikana ikiwa haijatumika. Sababu ni nyepesi: watu walizitumia. Nusu dola siku zile haikuwa kitu kidogo kwa mfanya kazi; ilinunua unga, ilinunua dawa, ikalipa kodi ya nyumba, ikapita mkono hata mkono mpaka uso wake ukafutika. Zile chache zilizobaki kung'aa ni zile ambazo hazikumfaa mtu yeyote.

Na tulizingatie hilo vyema. Sarafu iliyofanya kazi iliyopigiwa, ikawatumikia maelfu ya watu, leo hudharauliwa kwa kuwa imechakaa. Sarafu iliyolala sandukuni tangu siku ya kuzaliwa kwake ndiyo inayoadhimishwa. Wameweka na vipimo vya kulipimia jambo hilo, daraja tangu 1 mpaka 70, na tangu miaka ya 1980 yako makampuni yanayoipima sarafu, kuiandika daraja yake, na kuifungia ndani ya kidude cha plastiki isiguswe tena na mkono wa mtu. Daraja moja ikizidi, bei yaweza kuruka mara mbili au zaidi, ilhali tofauti yenyewe wengi hawaioni illa kwa kioo cha kukuzia. Hatusemi kwamba hesabu hii ni haramu. Twasema kwamba mwenye kuizoea muda mrefu ajichunge asije akaanza kuwapima na watu kwa mizani hiyo: akamheshimu asiyeguswa na kazi, na kumdharau mwenye mikono yenye sugu.

Swali letu la pili ni hili: nani aliyemwambia mtu huyu kwamba amepungukiwa? Tangu miaka ya 1930 zimeuzwa Marekani karatasi nene na vitabu vyenye matundu, kila tundu na mwaka wake na herufi yake. Mtu hutia sarafu tundu baada ya tundu, na yale yaliyobaki wazi humtazama usiku na mchana. Mwenye sarafu 64 hafurahii zile 64. Huumia kwa ile moja. Haja hii haikutoka tumboni mwake, wala kwa mkewe, wala kwa wanawe. Imetengenezwa na mchapaji. Na hivi ndivyo zilivyo haja nyingi za zama hizi: kwanza huuziwa mtu tundu, kisha akashughulika umri wake wote kulijaza. Wangapi katika miji yetu hawana sarafu za Marekani hata moja, lakini wana matundu yao: seti ya vyombo ambayo haijatimia, nguo za arusi ambazo sharti zilingane na za jirani, gari ambalo sharti lifuatwe na jingine?

Haifai tusimame upande mmoja tu. Wenye kukusanya wana hoja zao, na uadilifu wataka tuzisikilize.

Hoja ya kwanza ni kwamba wao huhifadhi taarikhi. Hii ni kweli, wala hatuwezi kuikanusha. Fedha ilipopanda bei mpaka karibu dola 50 kwa wakia katika Januari 1980, sarafu nyingi mno zilitiwa motoni. Na lau si watu waliozipenda, mengi yangepotea. Sisi tunajua kutokana na sarafu zilizohifadhiwa kwamba Waislamu wa mwanzo walitumia dinari za Kirumi na dirhamu za Kifursi, zilizokuwa na sura za wafalme, mpaka Abdul-Malik bin Marwan alipopiga dinari za maandishi matupu mwaka 77 Hijriya. Basi kuhifadhi kwa ajili ya ilimu ni jambo jema. Lakini ilimu ina alama yake: hufunzwa. Mwenye sarafu tano akawaonyesha vijana na kuwaeleza khabari zake ni mhifadhi wa taarikhi kuliko mwenye 65 zilizofungiwa kwenye sanduku la benki asilolifungua.

Hoja ya pili ni kwamba akiba haiozi. Naam, haiozi, lakini hupungua. Bei ile ya Januari 1980 ilianguka vibaya kabla ya mwezi wa Machi kwisha, na walioitegemea walipata khasara kubwa. Na ile sehemu ya bei ipitayo thamani ya fedha yenyewe haina nguzo illa mapenzi ya watu, na mapenzi hugeuka. Tena wako wadanganyifu wanaobandika herufi D juu ya sarafu ya kawaida ili waiuze kwa bei ya ile adimu. Kuweka akiba ni hikima. Kuiita shauku kwa jina la akiba ni kujidanganya.

Hoja ya tatu ni nzito zaidi. Imam Ghazali, aliyefariki mwaka 505 Hijriya, ameeleza katika Ihya kwamba dhahabu na fedha hazitakwi kwa dhati yake, bali kazi yake ni kuzunguka baina ya watu na kuhukumu thamani za vitu. Na mwenye kuzifungia akamfananisha na mtu aliyemtia gerezani hakimu. Mwenye kukusanya aweza kujibu kwamba hakimu huyu amekwisha kustaafu: tangu sheria ya mwaka 1965 Marekani iliacha hatua kwa hatua kutia fedha katika sarafu zake za matumizi, na nusu dola ya kale haitumiki tena sokoni. Tena mali aliyoitoa haikufungwa, imekwenda kwa muuzaji, naye ataitumia. Jawabu hili twalikubali. Basi ubaya, kama upo, hauko sokoni. Tuutafute nyumbani kwake na moyoni mwake.

Nyumbani kwake tutazame haki za watu. Kwa hisabu iliyo mashuhuri, nisabu ya fedha ni gramu 595. Kila nusu dola ina gramu 11.25 za fedha safi. Basi atakapoitia ya 53 amekwisha kuifikia nisabu, na atakapozitimiza 65 atakuwa na gramu zaidi ya 731. Ukimpitia mwaka, masikini ana fungu lake humo, na uzuri wa sarafu haumwondolei haki hiyo. Na kama amezinunua ili azifanyie biashara, basi ni mali ya biashara, huhisabiwa kwa bei yake. Kadhalika wenye kukusanya wana dasturi ya kubadilishana: sarafu moja adimu kwa kumi za kawaida. Hii ni fedha kwa fedha, na uzito umetofautiana, na ubora wa ufundi hauihalalishi ziada hiyo. Mwenye kujichunga na auze yake kwa noti, kisha anunue aitakayo. Na kabla ya yote hayo kuna deni, karo ya watoto, na jamaa aliye mgonjwa.

Ama moyoni mwake, hapo hakuna hakimu illa yeye mwenyewe. Sisi twampa kipimo kimoja tu. Achukue sarafu yake aliyoilipia mali nyingi, aiweke karibu na ile ya 1943 aliyoipata kwa bei ndogo, kisha azitazame zote mbili kana kwamba hazina mwaka wala herufi. Ikiwa furaha yake ni sawa kwa zote mbili, basi huyu kweli apenda uzuri, na uzuri haukumgharimu sana. Na azifurahie, Mwenyezi Mungu ambarikie. Ikiwa furaha imemtoka kwa ile ya rakhisi ikabaki kwa ile ya ghali, na ajue kwamba hakuwa akiitazama sarafu. Alikuwa akijitazama nafsi yake.

Hivi ndivyo tuuonavyo mpaka tulioutafuta. Haupiti baina ya kuwa na kitu kizuri na kutokuwa nacho. Wapita baina ya kukipenda kitu kwa vile kilivyo, na kukipenda kwa kuwa mwengine hanacho. Mapenzi ya kwanza huridhika na kimoja na hupenda kuonyesha. La pili halina mwisho, maana kila tundu likijazwa, muuzaji ana kitabu kingine.