Barnaba Alikwenda Tarso

Somo: Matendo ya Mitume 9:26–28, 11:22–26



Mtoto wa usharika akipata shahada ya uzamivu, huku kwetu mlimani tunajua la kufanya. Mbuzi anachinjwa, ukoo unakusanyika, na Jumapili anaitwa mbele ya madhabahu tumshukuru Mungu pamoja naye. Kuanzia siku hiyo ni daktari, na sisi tunahesabu kwamba amefika.

Mwenyewe anajua hajafika. Jumatatu anakuta vipindi vya kufundisha, mitihani ya kusahihisha na zamu ya wodini. Utafiti anaufanya usiku, watoto wakishalala. Mara nyingi ajira yake inategemea mradi. Mradi ukiisha, mshahara nao umekwisha. Msimamizi aliyesoma kila sura ya tasnifu yake sasa ana wanafunzi wengine. Nani amweleze fedha za utafiti zinaombwaje? Nani amfundishe kusema na wafadhili bila woga na bila kiburi?

Sauli wa Tarso alipita hapo. Elimu hakuikosa, maana alifundishwa miguuni pa Gamalieli. Wito pia alikuwa nao. Hata hivyo alipofika Yerusalemu wanafunzi walimwogopa, na mlango ukabaki umefungwa hadi Barnaba alipomchukua, akampeleka kwa mitume na kuwasimulia habari zake. Barnaba aliweka jina lake jema rehani kwa ajili ya mtu ambaye wengine hawakumwamini.

Baadaye Sauli alirudishwa kwao Tarso, na Matendo ya Mitume hayatuambii alifanya nini huko. Barnaba naye alitumwa Antiokia, akaona kazi ni kubwa kuliko yeye. Angeweza kuomba msaidizi kutoka Yerusalemu. Badala yake alifunga safari hadi Tarso kumtafuta Sauli, akamleta, wakafundisha pamoja mwaka mzima.

Nawaza haya nikiikumbuka KCMC, hospitali iliyofunguliwa mwaka 1971 chini ya Shirika la Msamaria Mwema, na chuo chake cha tiba. Watafiti wake wanatugusa hadi nyumbani. Utafiti mmoja uliochapishwa mwaka 2013 uliwafuatilia wagonjwa 870 wa homa waliolazwa KCMC na Mawenzi. Madaktari walikuwa wamewaandikia malaria wagonjwa 528. Vipimo vilithibitisha kwamba 14 tu ndio waliougua kwa sababu yake. Baadhi ya wengine walikuwa na maambukizi tofauti kabisa, yakiwamo brusela na homa ya Q, ambayo mtu huyapata kwa mifugo. Sisi tunaofuga ng'ombe kihambani tuna deni kwa mtu aliyeuliza, "Je, kama si malaria?" Mtu wa kuuliza hivyo huchukua miaka kumlea.

Juhudi za kumlea zimekuwapo. Mwaka 2009 chuo cha KCMC kiliingia katika THRiVE, mpango wa kulea watafiti, pamoja na taasisi nyingine za Afrika Mashariki. Mpango huo uliongozwa kutoka Makerere na Profesa Nelson Sewankambo, kwa fedha za Wellcome ya Uingereza. Mwaka 2010 ukaja mpango mwingine, kwa ushirikiano na Chuo Kikuu cha Duke cha Marekani. Tunashukuru kwa yote mawili. Lakini mradi una tarehe ya mwisho, na mfadhili ana uhuru wa kubadili nia. Ulezi unaotegemea fungu la fedha hufa fungu likikauka. Safari ya Tarso haikuwa na mfadhili.

Kwa hiyo nasema na ninyi mlio maprofesa na wahadhiri waandamizi, mnaoketi viti vya mbele ibadani. Kijana wako asisubiri kukuomba; mfuate. Keti naye juu ya andiko la kuomba fedha, mwoneshe hata lile lako lililokataliwa na sababu zake. Mtaje mbele ya watu ambao yeye hawezi kuwafikia. Ukiona karama yake iko wizarani au wodini kuliko maabara, mwambie mapema na umsaidie kufika huko. Tena usimlee peke yako, kwa kuwa mkono mmoja haulei mwana.

Kisha iko sehemu ngumu. Tunaposoma habari za safari yao ya kwanza ya umisionari, tunaanza na "Barnaba na Sauli". Safari ikiwa bado njiani, mpangilio unageuka: Sauli, ambaye sasa anaitwa Paulo, anatangulia, Barnaba anafuata. Katika makala za tiba, jina la kwanza ni la aliyebeba kazi, la mwisho ni la mkubwa aliyeiongoza, na ya katikati husahaulika upesi. Huko katikati ndiko watafiti wengi wa Afrika wamewekwa, wakati mwingine na wageni, wakati mwingine na wakubwa wao wenyewe. Hakuna mahali tunaposoma kwamba Barnaba alilalamika jina lake liliposogea. Walipogombana baadaye, ugomvi ulimhusu kijana mwingine, Marko, ambaye Paulo alimkataa. Barnaba akamchukua Marko, wakaenda Kipro. Miaka ikapita, na Paulo huyohuyo akaandika kwamba Marko anamfaa katika utumishi.

Nanyi vijana, kumbukeni Sauli naye aliondoka Tarso. Ukiitwa, nenda. Ukisahihishwa, sikiliza.

Wiki hii kila aliyetangulia amtafute mmoja, kwa jina, na ampe saa moja ya kweli.

Tuombe: Bwana, umewapa watoto wetu akili na kiu ya kujua. Wape na watu wa kuwafungulia milango. Utuponye sisi wakubwa hofu ya kupitwa, ili tufurahi majina yao yakitangulia yetu. Kwa Yesu Kristo Bwana wetu. Amina.