Deni la Aliyechaguliwa

Katika jiji la New York, juu ya kilima cha Morningside Heights, kipo Chuo Kikuu cha Columbia, chuo cha binafsi kilichoasisiwa mwaka 1754. Mlango wake ni mwembamba mno. Katika miaka ya karibuni, kwa kila vijana 100 wanaoomba kusomea shahada ya kwanza, hupokewa wapatao 4 tu. Nauliza: je, aliyepita mlango huo ana haki ya kujivuna?

Kwanza tutazame anachokikuta ndani. Columbia College ina masomo ya lazima kwa wote, yaliyoanza mwaka 1919. Somo la fasihi likaongezwa mwaka 1937. Kila mwanafunzi wa mwaka wa kwanza hulipitia, awe anakusudia fizikia au ushairi. Huketi ishirini hivi pamoja na mwalimu wao, wakaanza na Iliad ya Homer, wakasoma na kubishana. Aliyekuja kwa ajili ya hesabu hana budi kueleza kwa nini ghadhabu ya Achilles imhusu yeye.

Uzuri wa jambo hilo siukani. Lakini kitabu hakipungui kwa kusomwa. Sophocles, ambaye jina lake limechongwa juu ya nguzo za maktaba ya Butler chuoni hapo, anasomeka hata kwa Kiswahili: Samuel Mushi alitufasiria Mfalme Edipode, kikachapishwa mwaka 1971. Basi kinachogawiwa kwa kibaba si elimu yenyewe, bali ni kiti: nafasi ya kusikilizwa na mwalimu anayekujua kwa jina. Kiti hicho ni haba kwa kweli, kwani mwalimu mmoja hawezi kuwasikiliza watu elfu. Kwa hiyo kuchagua, kwa dhati yake, si dhulma.

Ila mchaguzi ni nani, naye hupima nini? Baada ya Vita vya Kwanza vya Dunia, Columbia ilitunga fomu na usaili wa kupima tabia na asili ya mwombaji. Shabaha mojawapo ilikuwa kuwapunguza vijana wa Kiyahudi, waliokuwa wakifaulu mitihani kwa wingi. Mwaka 1928 kikafunguliwa chuo kidogo huko Brooklyn, kwa jina Seth Low, na wengi wao wakaelekezwa huko. Mmoja wao, aliyeingia mwaka 1935, ni Isaac Asimov, ambaye baadaye aliandika na kuhariri mamia ya vitabu. Wanawake nao hawakupokewa Columbia College hadi mwaka 1983. Hao wote hawakupungukiwa akili. Kilichopungua ni insafu ya bawabu.

Mtu atasema hayo yamekwisha pita. Ni kweli, lakini fundisho lake limebaki: mlango hauwezi kutoa ushahidi juu ya thamani ya aliyeingia, wala juu ya upungufu wa aliyebaki nje. Miongoni mwa wale 96 wa leo wamo wengi ambao wangeketi darasani pale bila ya kuona haya. Aghalabu kinachowatenga na waliopita ni bahati, skuli nzuri, au mzazi aliyeijua njia.

Kwetu pwani, darsa ya msikitini haimwulizi mtu cheti, anayefika huketi. Nayo ina adabu yake: aliyesikia humfikishia asiyesikia. Naona adabu hiyo yamfaa pia msomi wa Columbia. Kiti kilicho haba ni amana, na amana hairithiwi wala haijivuniwi, bali hurejeshwa kwa wenyewe. Chini ya kilima hicho hicho upo mtaa wa Harlem, na humo wamo watoto ambao hawajapata wa kuwasomea Homer. Mwanafunzi atakayeteremka kuwasomea ameanza kulipa. Asiyeteremka atahitimu vilevile, na shahada yake itakuwa halali. Ila deni atakuwa nalo.