Je, Yafaa Kizazi Kimoja Kitolewe Kafara kwa Ajili ya Kingine?

Liko swali moja ambalo wenye kutawala dunia wamelijibu mara nyingi kwa vitendo kabla ya kulijibu kwa maneno. Nalo ni hili: Je, ni halali kuwaumiza watu walio hai leo ili wale watakaozaliwa kesho wapate raha? Ukimwuliza mtu swali hili barazani, atakujibu upesi, "La, si halali." Lakini mpe mtu huyo mamlaka na mpango mkubwa mkononi, nawe utamsikia akisema kwamba taabu haina budi, na kwamba matunda yake yataonekana baadaye.

Hebu tulitazame swali hili kwa mfano wa kweli, yaani yale yaliyoipata nchi ya Urusi. Tumeichagua nchi hiyo kwa sababu huko swali letu lilijibiwa mara mbili katika karne moja, tena na watu waliokuwa mahasimu, na majibu yao yakafanana.

Mara ya kwanza ni katika zama za Stalin. Wakulima walinyang'anywa mashamba na nafaka ili viwanda vijengwe upesi. Katika miaka ya 1932 na 1933 njaa iliua mamilioni ya watu katika Ukraine, Kazakhstan na bonde la mto Volga. Waliosimamia jambo hilo walisema kwamba wanajenga dunia mpya, ambamo watoto wa watoto hawatakosa kitu.

Mara ya pili ni baada ya Umoja wa Kisovieti kuvunjika, Desemba 1991. Tarehe 2 Januari 1992, serikali ya Rais Boris Yeltsin, ambayo mambo yake ya uchumi yaliongozwa na Yegor Gaidar, iliziachilia bei za vitu vingi zijipange zenyewe sokoni. Njia hii iliitwa tiba ya mshtuko. Katika mwaka huo mmoja bei zilipanda zaidi ya mara 25. Mzee aliyeweka akiba kwa miaka thelathini aliiona akiba yake ikiyeyuka kama chumvi majini. Kisha kila raia alipewa hati yenye thamani ya rubo 10,000, ili awe na sehemu katika viwanda vya serikali. Wengi waliziuza hati hizo kwa bei ndogo kwa kuwa walikuwa na njaa ya siku ile. Na ilipofika mwaka 1995, makampuni makubwa ya mafuta na madini yaliangukia mikononi mwa matajiri wachache kwa bei ya kutupa.

Mauti yaliyofuata

Yatupasa tufahamu kwanza kazi ilikuwa na maana gani katika nchi ile. Kiwanda hakikuwa mahali pa kupokea mshahara tu. Zahanati ilikuwa ya kiwanda. Nyumba ya kulelea watoto ilikuwa ya kiwanda. Mara nyingi hata nyumba ya kukaa na mapumziko ya mwaka vilitoka huko huko. Kwa hiyo kiwanda kilipodhoofika, mtu hakupoteza kazi peke yake. Alipoteza tabibu, jirani, na jibu la swali kwamba yeye ni nani. Wengine hawakuachishwa kazi, bali waliendelea kwenda kila asubuhi, wakakaa miezi mingi bila kulipwa, au wakalipwa kwa vitu vilivyotengenezwa na kiwanda chao, wakaenda kuvitembeza kando ya njia kutafuta mnunuzi.

Matokeo yake yaliandikwa katika daftari za vifo. Mwaka 1987 mwanamume wa Urusi aliweza kutazamia kuishi karibu miaka 65. Mwaka 1994 tazamio hilo lilikuwa limeshuka hadi kiasi cha miaka 57 na nusu. Watafiti wamekadiria kwamba kati ya mwaka 1992 na 2001 walikufa watu wazima milioni 2 na nusu hadi 3 zaidi ya wale ambao wangekufa kama hali ingebaki kama ilivyokuwa mwaka 1991. Wala hapakuwa na vita kubwa iliyoweza kueleza hesabu hiyo. Tena waliokufa zaidi hawakuwa vitoto vichanga wala wazee, bali wanaume wenye umri wa kufanya kazi, hasa wenye elimu ndogo. Walikufa kwa ugonjwa wa moyo, kwa ajali, kwa sumu ya pombe, kwa kuuawa na kwa kujiua. Na maradhi ya dondakoo, ambayo chanjo ilikuwa imeyazuia kwa miaka mingi, yalirudi katika nchi zilizokuwa za Umoja wa Kisovieti na kuua watu wapatao 5,000 katika miaka ya tisini.

Wahenga walisema, mchuma janga hula na wa kwao. Lakini hapa waliochuma hawakuonja, na walioonja hawakuchuma.

Hoja za wenye kutetea

Insafu yataka tuzisikilize hoja za upande wa pili. Wao husema kwanza kwamba nyumba ya zamani ilikuwa imekwisha kuoza. Maneno haya ni kweli. Mwaka 1991 maduka ya Urusi yalikuwa matupu, na serikali haikuwa na fedha. Hakuna mwenye akili anayesema kwamba nyumba ile ingeweza kubaki kama ilivyo.

Pili husema kwamba aliyeua ni pombe, si siasa ya uchumi. Hili nalo lina ukweli mkubwa. Mwaka 1985 Mikhail Gorbachev alianzisha kampeni kali dhidi ya pombe, na vifo vikapungua. Kampeni ilipolegea, vifo vikarudi. Mwezi Juni 1992 serikali iliacha haki yake ya kumiliki peke yake biashara ya vodka, na vodka ikawa rahisi kuliko chakula kingi. Katika mji wa Izhevsk watafiti waliona kwamba zaidi ya vifo 4 katika kila 10 vya wanaume wa miaka 25 hadi 54 vilitokana na unywaji wa hatari, pamoja na kunywa manukato na maji ya kusafishia, vitu visivyotengenezwa kwa ajili ya kinywa cha mwanadamu.

Basi je, tuseme kwamba walijiua wenyewe, na shauri limekwisha? La, hasha. Hapana shaka kwamba mlevi ana dhima juu ya mkono wake unaoinua chupa. Lakini dhima si kama mkate, ambao mmoja akichukua kipande, mwingine hupungukiwa. Watu wawili waweza kuwa na dhima kamili juu ya jambo moja. Aliyemnyima mtu kazi, heshima na tabibu, kisha akamfungulia mlango wa vodka ya bei ndogo, hawezi kunawa mikono kwa kusema, "Sikumlazimisha kunywa." Mlevi ataulizwa juu ya chupa, na mtawala ataulizwa juu ya mlango.

Tatu husema kwamba mabadiliko hayawezekani bila vifo. Hapa twajibu kwa mfano wa Poland. Nchi hiyo ilizibadili bei zake kwa ghafula tangu tarehe 1 Januari 1990, kwa mpango wa Leszek Balcerowicz. Watu wakapata taabu. Mwishoni mwa mwaka 1993 kiasi cha 16 katika kila 100 ya wafanyakazi hawakuwa na kazi. Lakini tazamio la maisha ya wanaume, lililokuwa miaka 66 mwaka 1991, lilipanda hadi karibu miaka 70 mwaka 2000. Kwa nini? Sababu ni nyingi, na mojawapo ni kwamba watu waliacha mafuta ya wanyama wakatumia ya mimea, wakala na matunda zaidi. Lakini pia viwanda vikubwa havikuuzwa kwa pupa, na waliokosa kazi walipewa posho na pensheni. Waziri wa Kazi, Jacek Kuroń, alionekana yeye mwenyewe akigawa supu kwa wenye shida, na watu wakaiita posho ile kwa jina lake.

Hatusemi kwamba Poland haikudhulumu. Wafanyakazi wa mashamba ya serikali yaliyofungwa huko waliachwa vijijini bila kazi wala tegemeo. Wala hatusemi kwamba kwenda polepole ni dawa ya kila kitu, kwani Belarus haikuwa na haraka ya kuuza viwanda vyake, na vifo viliongezeka huko pia. Wataalamu bado wanabishana juu ya sehemu ya kila sababu. Lakini jambo moja ni dhahiri: vifo vile havikuwa kanuni ya maumbile. Na jambo lisilokuwa la lazima haliwezi kutetewa kwa jina la lazima.

Jawabu letu

Ndugu msomaji, kafara ina sharti lake. Mtu aweza kutoa kilicho chake. Mama aweza kushinda na njaa ili mwanawe ale, nasi twamsifu. Lakini jirani hawezi kumnyima mama huyo chakula, kisha akajisifu kwamba ametoa kafara kwa ajili ya mtoto. Tendo la kwanza ni upendo, na la pili ni wizi. Stalin na warekebishaji wa mwaka 1992 walitofautiana katika mambo mengi, wala hatuwaweki katika mizani moja ya ukatili. Lakini walishirikiana katika kosa hili, kwamba walitoa kafara isiyokuwa mali yao.

Wala hesabu ya baadaye hailipi deni hilo. Ni kweli kwamba mwaka 2019 mwanamume wa Urusi aliweza kutazamia kuishi miaka 68, na kwamba sheria za pombe za tangu mwaka 2006 zilisaidia. Lakini yule aliyekufa mwaka 1994 akiwa na miaka 45 hakulipwa na afya ya mtu mwingine. Maisha ya watu hayajumlishwi na kugawanywa kama magunia ya mahindi.

Sisi wa Afrika ya Mashariki tusidhani kwamba swali hili ni la Warusi tu. Tanzania ilikubaliana na Shirika la Fedha la Kimataifa mwaka 1986, na mwaka 1993 wagonjwa walianza kuchangia gharama katika hospitali za serikali. Mashirika ya umma yalipouzwa, wengi wetu tuliwajua watu waliorudi nyumbani na barua ya kupunguzwa kazini. Huenda mengi ya hayo yalihitajiwa. Swali ni kama aliyeamuru aliuliza kwanza juu ya wale watakaoumia.

Basi kila anayetaka kuibomoa nyumba mbovu, na aibomoe. Lakini kabla ya kupiga nyundo ya kwanza, aingie ndani atazame nani amelala humo. Awatoe wagonjwa, awape wazee mahali pa kukaa, na yeye mwenyewe asilale pema usiku ule ambao wao wamelala nje. Akishindwa kufanya hivyo, asiseme kwamba amejenga kwa ajili ya vizazi vijavyo. Vizazi hivyo havikumtuma, na vikipata akili vitauliza nyumba yao imejengwa juu ya makaburi ya nani.